Mwaka wa Mkaja wa Ndani

Salome alizikwa Chidya, asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Sikufika makaburini. Goti langu la kulia haliiwezi tena ile njia, basi wakanikalisha upande wa jikoni, kwenye mkeka, pamoja na wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Nikawa nawasikiliza. Walimzungumzia marehemu kama watu wanavyomzungumzia mkunga: huyu kazaliwa mikononi mwake, yule kazaliwa mikononi mwake, mama na binti wote wamepita mikononi mwake. Kisha mama mmoja mnene aliyetoka Nanganga akasema kwa sauti ya chini kwamba Nesi Salome ndiye aliyemfundisha kubana. Wenzake wakainamisha vichwa, wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakiwatikisika, na machozi ya msiba yalikuwa bado hayajawakauka. Mmoja akasema hata yeye. Mwingine akasema hata yeye. Msichana aliyekuwa akichochea moto akauliza kubana nini, akaambiwa akizaa ataambiwa. Nilikuwapo neno hilo lilipoanza kusemwa katika nchi yetu, na katika sisi tuliokuwapo, sasa nilikuwa nimebaki peke yangu.

Mwaka huo tulikuwa Newala, wanafunzi wa ukunga katika hospitali ya misheni. Waingereza walikuwa bado wanatawala, ingawa watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba hawatakaa sana. Mimi nilikuwa sijawahi kuishi juu ya uwanda, kule juu milimani, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni baridi. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani ya bweni, ukalowesha mashuka, na upepo uliopanda kutoka bondeni ulipiga mabati mchana kutwa kama mtu anayetafuta mlango. Bweni letu lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichopakwa chokaa, vitanda vya kamba vimepangwa pande mbili, na katikati meza ambayo juu yake tulikula, tulisoma na kupiga pasi sare. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, au kwa kunde, au kwa mbaazi, na siku za Jumapili samaki mkavu aliyetoka pwani, ambaye harufu yake ilikaa nasi mpaka Jumanne. Msimu wa korosho tulipewa mabibo, na sare zote zikapata madoa yasiyotoka. Kitanda changu kilikuwa kando ya kile cha Salome. Alikuwa msichana mrefu, mikono yake mikubwa, hana haraka. Wengine tulipoelewa nusu tuliitikia. Salome akielewa nusu alisema wazi kwamba ameelewa nusu, na hakuketi mpaka apewe nusu iliyobaki.

Aliyetufundisha ni Sista Doroti, Mwingereza mwembamba mwenye miwani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila alikitamka polepole, kana kwamba kila neno analitoa ndani ya kabati. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, akatufasiria. Alikuwa na mifupa halisi ya nyonga, imeunganishwa kwa waya, na mdoli wa kitambaa tuliyempitisha katikati ya mifupa hiyo asubuhi baada ya asubuhi. Hivyo tulijua mtoto anavyoingia nyongani na anavyogeuza kichwa. Tulijua kusikiliza moyo wake kwa kile chombo cha mbao kilichofanana na tarumbeta ndogo. Tulijua kufunga kitovu, tulijua hatari ya damu, na tulijua kondo la nyuma likichelewa tufanye nini. Kuhusu mama mwenyewe, mtoto akishatoka na kondo likishatoka, tulijua kumwosha, kumpa chai, kumtazama homa, na kumruhusu aende kwao. Hapo kwetu somo lilikuwa limekwisha. Sikumbuki hata mmoja wetu kuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Nyuma ya wodi ya wazazi kulikuwa na banda ambamo ndugu wa wagonjwa walipika. Sisi tulifua vitambaa vya wodi kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa mgongoni mwa banda hilo, na kati yetu na wapishi kulikuwa na ukuta wa matete tu. Hakuna chuo kilichonifunza kama ukuta ule. Wanawake walisema yote pale: waume, mashamba, wake wenza, bei ya kaniki. Mchana mmoja walikuwa wakizungumzia ngoma ya mwali itakayochezwa kijijini kwao, na wakamtania mwenzao aitwaye Mama Zuhura, aliyekuwa amemleta binti yake kujifungua. Walisema zamani hakuna aliyemshinda kwa kucheza, sasa amegeuka bibi kizee anakaa pembeni. Mama Zuhura akajibu kwamba miguu yake siku hizi haina ngoma. Wakacheka, wakatawanyika na vyungu vyao. Akabaki yeye na mwanamke mmoja, na tulimsikia akiteremsha sauti. "Si miguu," alisema. "Tangu nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho, nikikohoa nimelowa. Nikicheka nimelowa. Nikijitwisha maji nimelowa mpaka miguuni. Sala nimeacha, maana udhu haukai. Nalala jikoni, nimemwambia baba yao moshi unanisaidia kifua." Mwenzake hakushangaa. Alisema tu kwamba hata dada yake yuko hivyo, na mama yao alikuwa hivyo, ndiyo uzazi ulivyo.

Nilimtazama Salome. Alikuwa ameshika kitambaa mkononi na maji yanachuruzika, hakamui. Aliniuliza kama nilijua ugonjwa huo. Nikasema sijui. Akasema yeye pia hajui, na tena amemwona mama huyo wodini siku tatu, amempa shikamoo asubuhi na jioni, na hakuona chochote. Hilo la kutoona ndilo lililomuuma, na nadhani ndilo lililomfanya awe mkunga aliyekuwa baadaye.

Kesho yake darasani alisimama. Wakati ule kusema maneno ya maungo ya mwanamke mbele za watu, hata mbele ya wanawake wenzako, ilikuwa kama kuvua nguo. Sisi wenyewe wanafunzi wa ukunga tulisema "huko chini" na kuonyesha kwa kidevu. Salome akauliza mwanamke ambaye mkojo unamtoka akikohoa, tangu alipozaa, ana ugonjwa gani na dawa yake ni nini. Watu wakaanza kuchekelea. Sista Doroti aliinua mifupa ya nyonga, akaishika kama bakuli, akapitisha ngumi yake katikati, ikatokea upande wa pili. Akatuuliza nini kinazuia vitu vyote vilivyo tumboni visianguke hapa. Akamwuliza kila mmoja kwa zamu. Mmoja alisema ngozi. Mwingine alisema mfupa, naye anauona kabisa kwamba mfupa hauko. Mimi nilisema mapaja. Msichana wa mwisho, mtoto wa katekista, akasema ni rehema ya Mungu tu, na alisema kwa moyo wake wote. Sista akavua miwani akaifuta.

Kisha akatuambia jambo ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kwa mwalimu. Alisema kwamba tangu afike Newala ametufundisha kutoa watoto, na kila mwaka amewafundisha wengine kabla yetu, na jambo hili hakulifundisha. Katika hospitali aliyosomea kwao, wazazi walikuwa wakilazwa chali asubuhi na kuongozwa mazoezi ya misuli, na yeye kama mwanafunzi aliyapita tu akienda kwenye kazi zake, akiona ni mambo ya wanawake wa mjini wanaotaka kiuno chembamba. "Hakuna mwanamke hapa aliyeniambia kwamba anavuja," alisema, "na mimi sikuuliza. Mpeni muda mwalimu wenu asome." Akatupa ruhusa tutoke mapema. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, wazungu kwa weusi, na ninaweza kuwahesabu kwa vidole wale waliothubutu kusema maneno hayo mbele ya wanafunzi wao.

Sista aliporudi na somo, wiki iliyofuata, alikuja na kipande cha kaniki, sindano, na glavu ya mpira. Alishona kaniki kwenye mifupa, kutoka mfupa wa mbele mpaka kifandugu cha nyuma, na pande zote mbili, ikawa kama kitako cha kapu. Akajaza glavu maji, akaifunga, akaiweka ndani. Hiki ni kibofu, akasema. Kaniki ilipokuwa imevutwa, glavu ilikaa juu imetulia. Alipoilegeza mishono, glavu ikazama, ikaning'inia chini ya mifupa kwa namna ambayo kila mmoja wetu alijibana bila kutaka. Akaeleza kwamba hii si kaniki bali ni misuli, iko kwa mwanamke na iko hata kwa mwanamume, nayo hubeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtoto akipita huvutika sana. Ikipumzishwa na kuzoezwa hurudi. Mama akiinuka siku chache baada ya kuzaa akajitwisha mzigo, akachuchumaa shambani, haipati nafasi ya kurudi. Akatufundisha zoezi lenyewe: kukaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, kuvuta juu kwa ndani, kushika kidogo huku unapumua, na kuachia taratibu. Matako yasikaze, tumbo lisijikunje, pumzi isizuiwe. Tukajaribu tumekaa kwenye mabenchi, macho mbele, kimya kabisa, na Sista akatuambia kwamba anayekunja uso bado hajaufikia msuli wenyewe. Nusu ya darasa walikuwa wamekunja uso.

Tatizo likawa jina. Sista alitoa neno la Kiingereza na kulifasiri neno kwa neno, ikawa sakafu ya nyonga, kitu cha kuchekesha, kama sakafu ya nyumba. Tukimwambia mwanamke wa Newala kwamba sakafu yake imelegea angeangalia nyumbani kwake. Bwenini jioni hiyo tulibishana tukila, kila mmoja na neno lake, mengine siwezi kuyaandika hata kwa umri huu. Salome alikuwa akimega ugali tu. Kisha akasema mwanamke akizaa hufungwa mkaja. Mnaujua mkaja: ile nguo ndefu anayozungushiwa mzazi tumboni, ikakazwa, ili tumbo lirudi. Kila mwanamke anaujua, Muislamu na Mkristo, na hakuna anayeuonea haya. "Basi tuwaambie Mungu aliwapa mkaja mwingine, wa ndani," alisema. "Ule wa nje unafungwa na shangazi. Huu unaufunga mwenyewe." Mtoto wa katekista akasema hilo hata padri anaweza kulisikia. Na kweli, tangu jioni hiyo hatukuwa na neno jingine.

Zuhura, yule binti, alijifungua mtoto wa kike baada ya uchungu mrefu, akachanika vibaya, akashonwa, na Daktari akaagiza akae wodini mpaka kidonda kipone. Mama yake akakaa naye. Hiyo ndiyo nafasi aliyoitumia Salome. Hakumwendea Mama Zuhura na ugonjwa wake. Alikwenda kumfundisha Zuhura, akamwomba mama amsaidie binti kukumbuka zoezi, kwa kuwa wasichana wanasahau. Nilikuwa nabadilisha mashuka kitanda cha pili, nikaona kila kitu. Aliwaeleza mkaja wa ndani, akawaeleza kubana na kuachia, na akamalizia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba hata mama aliyezaa zamani akiufunga mkaja huu kila siku, ile hali ya kulowa akikohoa hupungua, na wengi huisha. Mama Zuhura alikuwa anamkunja mjukuu katika kanga. Mikono yake ikasimama. Aliuliza, bila kuinua macho, kama huo ni ugonjwa basi, si uzazi tu. Salome akamwambia ni ugonjwa, mama, una jina na una dawa, na dawa yake unayo wewe mwenyewe.

Sista alimpima faraghani. Alitueleza baadaye kwa nini ilikuwa lazima kupima kwanza: mwanamke anayevuja akikohoa ni mmoja, na mwanamke anayevuja mfululizo, amekaa, amelala, bila kukoma, ni mwingine. Huyu wa pili ana tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na kumwambia abane ni kumdhihaki, anahitaji kisu cha daktari. Alituonya tusije tukawachanganya maisha yetu yote, na sikuwachanganya. Mama Zuhura alikuwa wa aina ile ya kwanza. Basi kila asubuhi, baada ya uji, ungeweza kuona vitanda viwili vya jirani, mama na binti wamelala chali, magoti juu, macho kwenye dari, wamenyamaza kama watu wanaosali, na Salome katikati akisema kwa sauti ya chini: funga, vuta, pumua, fungua. Wagonjwa wengine wakauliza. Wakaambiwa. Kabla mwezi haujaisha wodi nzima ilikuwa inanyamaza baada ya uji, na mfagiaji alilalamika kwamba hajui kama afagie au atoke nje.

Siku moja Mama Zuhura alipiga chafya akiwa amesimama mlangoni. Akabaki ameshika fremu ya mlango. Kisha akageuka akamtazama Salome aliyekuwa upande wa pili wa wodi, akatikisa kichwa kuashiria hapana, hakuna kitu. Salome akaendelea kumimina dawa mpaka kijiko kikafurika.

Ila kulikuwa na shida ya maji. Mtu asiyejua uwanda ule hawezi kuelewa. Juu kule hapakuwa na mto wala kisima, na bomba lilikuwa bado halijafika vijijini. Wanawake waliteremka ukingo wa uwanda mpaka bondeni, wakachota, wakapanda tena na mitungi na madebe kichwani, njia ya mawe, jua likiwapata wakiwa nusu ya mlima. Mzazi alipumzika siku chache, akarudi njiani. Mama Zuhura alimwambia Salome wazi: hapa hospitali mkaja unafungika, nikirudi nyumbani nikapanda ule mlima utafunguka. Na Zuhura mwenye kidonda, atakayekaa kwangu mpaka arobaini, naye atapanda. Nani atachota? Wanaume hawachoti maji. Salome akamwuliza kama mume wake anajua. Akasema mwanamume atajuaje jambo kama hilo, na nani amwambie.

Jumapili waume waliruhusiwa kuja kutazama wagonjwa. Baba Zuhura alikuja kwa baiskeli, mtu mfupi mwenye kofia safi, ameleta muhogo na kuku. Salome aliniomba nikae naye ili asionekane peke yake na mwanamume. Tuliketi barazani kwenye benchi. Alimwamkia, akaulizia shamba, akaulizia mikorosho, nikadhani ameghairi. Halafu akasema, macho yake kwenye mikono yake mwenyewe: "Baba, mama anaumwa. Si kifua. Uzazi ulimlegeza ndani, na akibeba mzigo mzito mkojo unamtoka. Ndiyo maana halali chumbani. Anaona aibu. Anapona, ila akipanda na debe la maji ugonjwa utarudi, na Zuhura utamwanza." Nilitamani ardhi inimeze. Msichana asiyeolewa, kumwambia mzee wa watu maneno hayo. Baba Zuhura alivua kofia akaitazama ndani, akaivaa tena. Aliuliza tu mkewe aache kubeba kwa muda gani. Salome akamwambia binti siku arobaini kamili na zaidi kama kidonda kinauma, na mama asibebe kabisa mpaka Sista aseme. Akaitikia, akachukua baiskeli yake akaenda.

Baada ya wao kuruhusiwa kurudi nyumbani, hatukusikia kitu, na Salome hakulala vizuri. Halafu wiki kadhaa baadaye akaitwa ofisini kwa Daktari. Mzee Bakari, kaka mkubwa wa Baba Zuhura, alikuwa ameleta malalamiko. Daktari alikuwa Mwingereza aliyekaa muda mrefu nchini na aliyeogopa sana misheni kuonekana inavunja mila za watu, na zaidi za Waislamu, waliokuwa wengi kuliko sisi katika vijiji vile. Nikaitwa na mimi kwa kuwa nilikuwapo barazani. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mzee Bakari alizungumza kwa adabu. Alisema msichana huyu, bila mume, amemweleza ndugu yake habari za ndani za mke wake. Na tangu siku hiyo ndugu yake anafunga madebe mawili kwenye baiskeli, anateremka bondeni anachota maji pamoja na wanawake, akirudi anasukuma baiskeli juu ya mlima, na kijiji kizima kinaimba jina lake. Alisema sisi ni watu wazima, hatuwezi kuwatazama watoto wetu usoni huku tukichekwa. Daktari alimsikiliza, akamgeukia Salome, akasema kwamba jambo hili ni zito na kwamba mwanafunzi ambaye hajui mipaka hawezi kuachwa aendelee. Sista Doroti alikuwa amewekewa kiti kando ya Daktari. Aliinuka pale, akazunguka meza, akaja kusimama kando ya Salome. Daktari aliona, na uso wake ukaiva.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la mchana. Baba Zuhura alikuwa nje. Sijui alijuaje, nadhani alimfuata kaka yake njiani. Alibisha hodi, akaingia, akamwamkia kaka yake kwanza, kisha Daktari, akaomba ruhusa aseme.

"Kaka, nisamehe, nitasema mbele yako," alisema. "Mke wangu alilala jikoni muda mrefu. Nilidhani amenichoka. Nilikwisha kuanza kutafuta mke mwingine, na wewe unajua, maana nilikuja kwako. Hakuna aliyeniambia kwamba anaumwa. Mama yangu hakuniambia, shangazi hawakuniambia. Huyu mtoto ndiye aliyeniambia, tena kwa heshima, na mwenzake huyu alikuwa amekaa nasi. Sasa mke wangu anasali. Amerudi chumbani. Wanaocheka waache wacheke, mlima ninaupanda mimi."

Mzee Bakari alitazama fimbo yake. Daktari akamwuliza Salome ni nini hasa alichowafundisha watu hawa, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ina swali la kweli. Salome akamweleza. Alieleza mbele ya wanaume watatu, kwa maneno safi ya mkaja wa nje na mkaja wa ndani, jinsi unavyovutika, jinsi unavyorudi, na maji ya bondeni yanavyoufungua tena. Hakuna neno hata moja la kumfanya mtu ageuze uso. Alipomaliza, Mzee Bakari aliuliza kama hali hiyo inaweza kumpata mwanamke aliyezaa watoto saba na ambaye sasa ni mtu mzima. Salome akasema inaweza, baba, na hata huyo anaweza kusaidiwa. Mzee akasema atamleta. Hakusema ni nani, nasi hatukuuliza. Alimleta Jumatatu, mke wake mwenyewe, juu ya baiskeli ya ndugu yake.

Salome hakufukuzwa. Daktari hakuomba radhi kwa maneno, lakini Jumapili zilizofuata alitoka mwenyewe barazani, akaketi na waume waliokuja kutazama wagonjwa, akawaambia kuhusu siku arobaini na mzigo, akimwita Salome aeleze sehemu ya mkaja kwa sababu, alisema, yeye analo neno. Watu walisikiliza. Si wote waliofuata. Wengi waliendelea kuona maji ni kazi ya mwanamke, na wanawake wengi walizaa wakarudi mlimani kama kawaida. Lakini ilianza kuonekana baiskeli moja, kisha mbili, kisha vijana wakitumwa na baba zao, na vicheko vikapungua kwa kuwa baadhi ya waliokuwa wakicheka sasa nao walikuwa wanachota.

Mwisho wa mwaka tulifanya mtihani, msimamizi akiwa mzungu aliyetoka Lindi. Wenzetu wengine walikuwa wamelalamika kwamba Sista ametupotezea vipindi kwa jambo ambalo halitaulizwa, na walikuwa sahihi. Halikuulizwa hata kwa neno moja. Tulifaulu karibu wote, Salome kwa alama za katikati. Leo nina mjukuu anayesomea unesi Mtwara. Baada ya mazishi ya Salome nilimpigia simu, nikamwuliza wamefundishwa nini kuhusu misuli ya nyonga. Akafikiri, akasema bibi, kuna kipindi kimoja, mwalimu alikuwa na haraka, na darasani watu walicheka. Nikamwambia aje likizo. Nimemwambia aje na wenzake.

Baada ya mtihani ule nilipangiwa Masasi, Salome akabaki Newala kwa muda. Nilishuka uwanda kwa lori la muhogo, nikaanza kazi katika wodi ya wazazi, na kwa siku kadhaa nilifanya niliyoyakuta yakifanyika: kuosha, kutoa chai, kutazama homa, kuruhusu. Salome hakuwapo, Sista hakuwapo, na manesi wakubwa wa pale hawakuwa wamesikia habari hizo. Kisha akaja mama kijana kutoka Lisekese, uzazi wa kwanza, akajifungua salama asubuhi. Kesho yake nilimkuta ameketi pembeni ya kitanda, kanga imekazwa tumboni, anajiandaa kwenda. Nesi mkubwa alikuwa dirishani akikunja vitambaa, ananisikia. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya yule mama, nikamwuliza nani amemfunga mkaja huo. Akasema shangazi yake. Nikamwambia amemfunga vizuri sana, sasa alale kidogo, nimwonyeshe na ule mwingine. Akalala, akakunja magoti. Nikasema polepole, kama nilivyosikia ikisemwa asubuhi zote zile: funga, vuta, pumua. Alitazama dari, uso wake umetulia, mkono mmoja juu ya mtoto wake. Dirishani vitambaa vilikuwa havikunjwi tena. Baada ya muda yule mama akageuza kichwa akanitazama.

"Nimeupata," akasema.